Goli Tulilofunga Darsait Kabla ya Mapumziko

Nassor tulimzika Jumatatu, na Jumanne baada ya sala ya alasiri sisi wazee watatu tuliobaki tulikuwa tumeshaanza kugombana juu ya goli lake. Tulikaa katika ukumbi wa taazia, upande wa wanaume, migongo ukutani, mbele yetu sinia la tende na halua na vile vikombe vidogo vya kahawa visivyo na mkono. Mjukuu wake, Mundhir, alikuja akakaa kitako mbele yetu na tableti mapajani. Kijana huyu anasoma chuo hapa hapa Maskati, na katika timu ya chuo chao yeye hachezi sana. Kazi yake ni kuzikata video za mechi vipande vipande, kuchora mishale, na kuwaonyesha wenzake mpira ulipita wapi na nani alikuwa amesimama kama nguzo ya taa. Wiki iliyopita tu, alituambia, alitumia jioni nzima kulichambua goli moja walilofunga kabla ya mapumziko. "Sasa nnataka goli la babu," akasema. "Toka niko mdogo ananihadithia, na kila akifika katikati anaanza kucheka, hamalizi. Nyinyi mlikuwemo. Nielezeni nilichore."

Salim ndiye aliyekuwa kepteni wetu, na ingawa amestaafu serikalini zamani, kuamrisha bado hajastaafu. Alilivuta sinia, akavipanga vikombe. "Hiki Khalfani, golini. Hivi mabeki. Hiki mimi, katikati. Hiki Sudi, winga." Sudi ndiye mimi. "Na tende hii ndio mpira." Khalfani, ambaye siku hizi hainuki bila ya fimbo, aliinyoosha hiyo fimbo akakisukuma kikombe chake mbele. "Usinibandike golini, bwana. Mpira unaingia, mimi nilikuwa nishavuka nusu ya uwanja." "Golikipa avuke nusu ya uwanja kufuata nini?" "Unajua nilichokuwa nikifuata." Salim akakohoa, akakirudisha kikombe nyuma. Mundhir alikuwa akichora haraka haraka, na kila mshale aliouchora ulielekea upande mmoja. Mwisho akainua kichwa. "Babu alikuwa beki wa kushoto," akasema. "Beki wa kushoto," tukaitikia. "Na ndiye aliyefunga, mlangoni mwa goli kabisa." "Mlangoni." "Zama zile? Kocha wetu anatwambia mabeki kupanda namna hii ni mambo ya sasa. Nani aliwafundisha?" Salim akaichukua ile tende iliyokuwa mpira, akaila.

Wakati Salim anatafuna, mimi sikuwa tena ukumbini. Nilikuwa Matrah, mwaka wa sitini na tisa, katika chumba cha juu cha nyumba ya Bi Salma, ambako vijana wanne tuliotoka Unguja tulitandika mikeka yetu minne na kubakiwa na nafasi ya viatu. Dirisha lilikuwa moja, na lilitazama kichochoro cha sokoni. Chini yake upande wa kulia akikaa muuza ndimu kavu na upande wa kushoto muuza papa, na harufu zao zilipanda pamoja hata tukawa tunaota tunakula. Bi Salma alikuwa mjane wa kwetu, mnene, mshoni, aliyetulisha sisi tusiokuwa na wa kutupikia kama kwamba alikuwa na deni kwetu. Wali wake kwa kawaida ulikuwa mkavu, kwa sababu nazi zilikuja kwa meli kutoka Malabar na hazikuja kila siku. Ikipatikana moja, aliishika kwa mikono miwili, akaitikisa sikioni na kufumba macho, kama mtu anayesikiliza salamu kutoka nyumbani, na sisi wanne tukisimama kimya kungoja atasemaje. "Ina maji," akisema, basi siku hiyo ilikuwa Idi. Mpaka leo nikipita dukani nikaona nazi, lazima niitikise, hata kama sina haja ya kununua, na mke wangu husogea pembeni akajifanya hanijui.

Tulikuwa na miezi michache tu katika mji ule, na mimi niliishi kama mgeni ambaye bado hajaonyeshwa pa kukaa. Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni kwa mwalimu wa Kurani, kizuri kwa sala na kibaya kwa kununua samaki. Lakini nilikuwa kijana wa furaha, na nilikuwa na dirisha. Nilikaa pale jioni nikitazama watu wanavyopita, na kichwani nikitangaza mechi ambazo hazikuchezwa: Sudi anachukua mpira, Sudi anampita wa kwanza, Sudi anampita wa pili, Sudi anapiga. Kila jioni nilifunga. Nassor, ambaye mkeka wake ulikuwa karibu na wangu, alikuwa akiuliza, "Leo umefunga mangapi?" nikamwambia, naye akatikisa kichwa kwa heshima kana kwamba amesoma gazetini. Yeye hakuwa akiota kufunga. Alikuwa mkubwa, mzito, mpole, beki wa kushoto aliyeuogopa mstari wa katikati kama mpaka wa nchi ya watu.

Kisha akaja ami yangu, Hamdani. Alifanya kazi Kuwait, akaja Matrah kwa mapumziko, na siku ya pili tu nikamsikia chini akizungumza na Bi Salma. Sakafu yetu ilikuwa na ufa baina ya boriti mbili, na katika ufa ule tuliyajua mambo mengi. "Huyu kijana anaota," ami alisema. "Nimemkuta dirishani amekodoa macho, namwita haniskii." "Mwache aote, Hamdani. Haoti kwa mafuta ya taa yangu." "Nnamchukua, Bi Salma. Kuwait kuna kazi. Hapa atafanya nini, atahesabu ndimu?" Mashine ya kushonea ikalia, kisha ikasimama. "Amekwisha kung'olewa mara moja," Bi Salma akasema polepole. "Mche huwezi kuung'oa kila ukitaka kuutazama mizizi." Usiku, wakati wa kula, ami alinionyesha tiketi. Meli ilikuwa ya Jumapili ya wiki iliyofuata. Nilikwisha kuuacha mji mmoja bila ya kuuaga. Huu wa pili ndio kwanza nilikuwa najua kichochoro gani kinatokea wapi, na muuza papa alikuwa ameanza kuniitikia salamu.

Aliyeleta habari ya kuniokoa ni Nassor. Alikuwa akibeba mizigo bandarini, na huko alisikia kwamba kampuni ya mafuta ilikuwa na timu yake ya mpira, imepungukiwa na watu, na kwamba Mzungu mmoja wa ofisi ya wafanyakazi angekuja Ijumaa kutazama mechi ya timu yetu, vijana wa Unguja, na vijana wa Darsait. Alitaka wachezaji wawili. Atakaowachukua watapewa na kazi ya stoo. Ami Hamdani, ambaye alikuwa mkali lakini si mtu wa roho mbaya, alinikubalia hapo hapo: "Akikuchukua, tiketi nampa mtu mwingine. Asipokuchukua, Jumapili tuko melini, na sitaki kuona machozi." Salim na Khalfani tayari walikuwa wameshapata vibarua vya duka. Basi waliokuwa wakikitaka kile kitu kwelikweli ni wawili katika chumba kimoja, mimi na Nassor. Jioni ile alikuja akakaa dirishani karibu yangu. "Wewe utachukuliwa," akaniambia. "Wewe winga, winga anaonekana. Beki nani anamtazama, yakhe? Beki anaonekana akikosea." Alisema bila ya uchungu, akimega mkate. Nikamwambia asiseme hivyo, na nikarudi kwenye mechi yangu ya kichwani, na jioni ile, nakumbuka, sikufunga.

Bi Salma alitushonea bukta kwa vitambaa vya magunia ya unga, nyeupe, nyepesi, na tulizivaa chini ya kanzu kwa sababu mtu kupita njiani miguu wazi ilikuwa kutafuta maneno. Ijumaa asubuhi alitupanga safu mlangoni, akatukagua makucha. "Wenyeji wenu wamekualikeni kula kabla ya mchezo," akasema. "Hii ndiyo mara ya kwanza Mwarabu wa huku anakutieni ndani kwake, majilisini anapokaribisha wageni. Mkipewa, pokeeni. Mkiongezwa, pokeeni. Nisije kusikia watu wa Unguja wamemrudisha mtu na kitu chake mkononi. Nassor, umesikia?" "Nimesikia, Bi Salma." "Nakuambia wewe kwa sababu unapenda kusema nimeshiba." Tukapanda kilima kinachotenga Matrah na Darsait, tukashuka upande wa pili, kumi na mmoja kamili bila ya wa akiba, tukizungumza mambo ya Mzungu njia nzima.

Wenyeji walikuwa watu wakarimu mno, na hilo ndilo lililotuponza. Tulikula wali na samaki wa kukaanga, tukapumzika, tukasali alasiri pamoja nao, na tukadhani sasa ni uwanjani. Kumbe tulirudishwa majilisini kunywa kahawa. Mwenye nyumba, Mzee Rashidi, alikaa kwenye mto, na mwanawe Hamed, aliyekuwa kepteni wa Darsait, alisimama mwenyewe na birika mkono wa kushoto na vikombe mkono wa kulia, kwa kutuheshimu. Akamimina. Tukanywa. Ilikuwa chungu, ina iliki, ya moto. Nilimrudishia kikombe kwa adabu, akakijaza, akanirudishia. Nikanywa. Akajaza. Nikatazama kwa Salim, Salim akatazama kwa Khalfani, na Khalfani alikuwa akitazama ndani ya kikombe chake kama mtu anayetazama kisimani. Nassor alikumbuka kusema "bas, shukran," na Hamed akatabasamu, akaona mgeni anaona haya, akamjaza mpaka juu. Mmoja wetu alikiweka kikombe chini mkekani. Hamed aliinama, akakiokota, akakijaza, akamkabidhi. Kwetu Unguja kahawa unakunywa barazani, umetosheka unaondoka, hakuna zaidi ya hapo. Hapakuwa na mtu hata mmoja aliyetuambia kwamba hapa mgeni aliyetosheka hasemi kitu wala hakirudishi kikombe hivi hivi. Anakitikisa kidogo kwa vidole, basi, mmiminaji anajua. Sisi hatukutikisa. Tulikaa na mikono iliyotulia kama tuko mbele ya mpiga picha, na birika likazunguka, na likazunguka.

Nyuma ya pazia nilisikia sauti ya mwanamke mzee ikinong'ona kwa Kiarabu ambacho hata mimi nilikielewa: "Birika la tatu hili. Hawa watu wa Zinjibari matumbo yao yana mlango wa nyuma?" Na Mzee Rashidi akajibu, kwa sauti ya mtu aliyestaajabu na kufurahi, "Chemsha jingine. Hawa ni wanaume." Halafu, kwa vile kahawa ilitukausha midomo, tukaletewa na maji ya mtungini, baridi, matamu, na hayo pia tukayapokea. Tulipotoka nje, Mzungu alikuwa ameshafika na gari yake, amekaa kwenye kiti pembeni ya uwanja na kofia yake kubwa, na pembeni yake karani Mhindi aliyekuwa akijua Kiswahili cha Mombasa. Hapakuwa na wakati wa kwenda popote. Tukavua kanzu, tukaingia.

Ili Mundhir aielewe mechi ile lazima kwanza aujue uwanja, na uwanja hauko tena, sasa pana magereji na maghorofa. Ulikuwa changarawe tupu. Upande mmoja alikaa Mzungu na wazee wa mji. Upande wa pili palikuwa na bonde kavu, wazi, lisilo na kichaka kinachofika gotini. Nyuma ya goli letu zilikuwa nyumba, na wanawake wamejaa juu ya mapaa. Nyuma ya goli la Darsait, hapo tu, palikuwa na kilima cha mawe chenye vichaka vya miiba, kirefu, kizuri, chenye stara. Kwa hiyo dunia nzima ilikuwa na mlango mmoja, na mlango huo ulikuwa upande tunaoushambulia.

Nusu ya kwanza ya kipindi cha kwanza nilicheza vizuri, nafikiri. Baada ya hapo sikucheza, nilivumilia. Haja ndogo ilitupata sote pamoja, kama homa. Refa alikuwa shawishi mmoja, sajini mstaafu wa Kibulushi, mwenye masharubu na saa ya mnyororo, aliyeuendesha mpira kama gwaride. Kabla ya kuanza alikuwa ametangaza kwamba mtu akitoka uwanjani bila ya idhini hatarudi, na idhini hatoi. Khalfani alijaribu hila: aliupiga mpira bondeni, mbali, akitumai muda utakwisha wakati unatafutwa. Shawishi akaisimamisha saa yake, akangoja, mpira ukarudi, akaiendesha tena. Salim akamwendea, miguu imekaribiana, akamuuliza kwa unyenyekevu zimebaki dakika ngapi. "Ukiniuliza tena naongeza," Shawishi akasema. Kisha, kwa kuona uso wa Salim labda, akalegea kidogo: "Kidogo tu. Likiingia goli napuliza mapumziko. Lisipoingia, tutaona saa itasemaje." Salim hakutangaza habari hii kwa kelele. Aliinong'ona kwa aliyekuwa karibu, naye kwa wa pili, na nikaiona ikipita mtu kwa mtu mpaka golini kwetu, na kila ilipofika, mtu aliinua kichwa akakitazama kile kilima.

Basi, Mundhir, nikasema moyoni, chora. Khalfani ameudaka mpira. Siku zote huupiga juu, lakini siku ile kupiga kulimtaka ajikaze tumbo, na hilo halikuwezekana. Akauviringisha kwa mkono mpaka kwa Nassor, na yeye mwenyewe akaufuata nyuma, polepole, kwa hatua fupi. Hiyo ndiyo mnaita kuanza kutoka nyuma. Nassor anaufikisha mstari wa katikati, ule mpaka wake wa nchi ya watu, na anauvuka bila ya kuutazama. Anampa Salim. Salim ni mtu wa chenga, hajapata kutoa mpira kabla ya kumzunguka mtu mara mbili, lakini chenga ni kiuno, na kiuno siku ile kilikuwa amana. Akaugusa mara moja tu. Mnasema mguso mmoja, mnausifu. Sisi hatukuweza kugusa mara mbili. Mpira ukaja kwangu, nami nikaenda nao moja kwa moja, sikwenda pembeni kwa sababu pembeni ni mbali, na wenzangu wote, mabeki, golikipa, wote, wakaja pamoja nami. Hapana aliyeita mpira. Hapana aliyesema neno. Vijana wa Darsait waliona timu nzima inawajia kimya, nyuso za watu waliopokea habari mbaya, na hawakujua wamkabili nani, wakatupisha. Nasema kweli, wakatupisha, kama watu wanavyopisha jeneza.

Na hapo nikajikuta mbele ya goli, peke yangu na golikipa wao, jua usoni, na Mzungu pembeni ameinuka kwenye kiti. Ilikuwa ndiyo ile mechi ya dirishani. Ilikuja kama nilivyoiona jioni zote, na mpira ulikuwa upande wa mguu wangu wa kulia. Lakini kupiga ni kuinua mguu, na bukta ilikuwa nyeupe, ya gunia la unga, na mapaa yamejaa wanawake. Nikausukuma mpira kando kwa ubapa wa kiatu. Nassor alikuwa anakuja kwa kasi ambayo sikupata kuiona kwake kabla ya siku ile wala baada yake, macho kilimani. Mpira ulimgonga ugokoni, ukaingia. Yeye hakusimama. Alipita kando ya nguzo, akaendelea. Filimbi ikalia, na sisi kumi tuliobaki tukamfuata, tukaingia nyuma ya mawe, na uwanja mzima wa Darsait ukabaki kimya, watu hawajui wapige makofi au wangoje.

Nyuma ya kilima palikuwa na utulivu ambao nimeukuta mara chache maishani, mara nyingine katika Hija. Mwisho Khalfani, kichwa kakiegemeza kwenye jabali, akauliza, "Kafunga nani?" Na Nassor, wa kwanza kufika, akajibu kutoka mbali, "Kafunga nini?"

Tuliporudi, Mzungu alikuwa amevuka mpaka katikati ya uwanja na karani wake. "Bwana anasema ametazama timu nyingi," karani akatuambia. "Wakifunga wanapiga makelele, wanabebana, wanaruka. Nyinyi mmefunga goli zuri kama lile, hakuna hata aliyecheka, mkaondoka wote mkaenda faragha. Anauliza, ndiyo desturi yenu? Ni dua?" Sote tukamtazama Salim. Salim alisimama wima, sasa akiweza, akasema, "Mwambie tulikwenda kushukuru." Na hilo, wallahi, halikuwa uongo hata kidogo. Mzungu aliposikia alivua kofia. Akanionyesha mimi kwa kidole. "Huyu, goli lilikuwa wazi akampa mwenzake." Akamwonyesha Nassor. "Na huyu amefunga akapita kama si yeye. Watu wa namna hii ndio ninaowataka stoo." Akatutaka tufike ofisini asubuhi, akapanda gari yake akaondoka, kwa sababu alikuwa na shughuli nyingine, na kwa rehema ya Mungu hakukiona kipindi cha pili. Tulicheza kipindi cha pili kama watu waliosamehewa. Tulifungwa manne.

Hamed alikuja na birika mechi ilipokwisha, na Nassor akaificha mikono yote miwili mgongoni. Ikabidi Salim, kwa Kiarabu chake cha kuunga, aulize. Hamed alimsikiliza, akamtazama usoni kuona kama anafanya mzaha, akalia kwa kucheka mpaka akakaa chini. Kisha akashika kikombe kitupu akatuonyesha: vidole viwili, mtikiso mdogo, kama mtu anayemuaga mtoto. "Hivi tu?" Nassor akauliza. "Hivi tu." Njia nzima ya kurudi Matrah Nassor alikuwa akitikisa mkono mtupu, akijifundisha. Juu ya kile kilima cha njiani Salim alitusimamisha, akatoa amri yake: neno la kahawa lisitoke katika timu, likifika ofisini kazi imekwenda. Tukaapa. Jumapili nilimchukulia ami Hamdani begi lake mpaka bandarini. Alinitazama muda. "Nimefanya kazi Kuwait miaka yote hii," akasema, "sijapata kuona mtu anaajiriwa kwa kutofunga." Akanishika kichwa, akapanda meli peke yake. Mimi na Nassor tulifanya kazi stoo moja mpaka mvi zikatutoka, na kila akija mfanyakazi mpya alihadithiwa habari ya vijana waliofunga wakaenda kushukuru.

"Chora na kilima," nikamwambia Mundhir, "pale mishale yote inapokwenda." "Sudi," Salim akanionya. "Sote tumestaafu, Salim. Nani atatufukuza?" Nikamhadithia Mundhir kwa sauti ya chini, mpaka mwisho, mpaka kwenye kile kicheko cha babu yake, kile asichopata kukivuka. Akazuia, akazuia, kisha akaufunika uso kwa kilemba na mabega yakaanza kumtikisika, na katika ukumbi wa taazia watu wakageuka kutazama, wengine wakidhani analia. Mara simu yake ikaita. Bibi yake, mjane wa Nassor, anamtaka upande wa wanawake. Akaenda, nasi tukakaa kama wanafunzi waliokamatwa, Khalfani akivitazama vikombe, Salim akiitazama dari. Aliporudi alikaa karibu yangu. "Kaniuliza mnacheka nini. Nikaogopa, nikamwambia kahawa ya Darsait. Kasema anaijua. Babu alimhadithia hata fungate haijesha." Khalfani akasema, "Tuliapa," na Salim akasema, "Muongo yule," na macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Kasema jambo jingine," Mundhir akaendelea, polepole, kwa ajili yangu mimi. "Kasema babu hakuamini hata siku moja habari ya mguu. Eti akimwambia, Sudi alikuwa na nafasi ya kupiga, akageuza shingo, akaniona mimi nakuja, ndio akatoa. Kasema babu alikuwa akisema, lile goli si langu, mimi nimeazimwa tu." Miaka yote nimesema mguu haukuweza kuinuka, nimelisema kwa mke wangu, kwa watoto, hata kwangu mwenyewe, na labda kweli haukuweza. Lakini nakumbuka kwamba nilitazama kushoto kabla, na nakumbuka uso wake.

Mundhir alinyanyuka akaenda kuchukua birika, akarudi akanimiminia. Nikanywa. Akasimama mbele yangu akiungoja mkono wangu, kama alivyofundishwa toka mdogo. Nikauacha umetulia, naye akamimina tena.